Kona ile ilikuwa na jengo gani? Namna ya kufuatilia majengo na maduka ya mjini

Swali: Shikamoo mzee. Babu yetu alikuwa fundi cherehani Dar es Salaam, akishonea barazani kwenye duka moja la kona, Mtaa wa Kichwele, karibu na Mnazi Mmoja. Tumebaki na picha moja tu. Babu yuko kwenye mashine, nyuma yake kuna kipande cha kibao kinachoishia na "...JI & SONS", na juu yake roshani iliyopinda kufuata kona. Nyuma ya picha ameandika "Idd 1957". Nilikwenda kutafuta nikakuta maghorofa marefu na fremu za simu. Baba mkubwa anasema duka lile lilikuja kuwa la ushirika. Shangazi anasema hapana, ilikuwa baa. Nianzie wapi kujua pale pamepita nini na nini? (Msomaji, Temeke)

Jibu: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kuitunza hiyo picha. Nianze na ubishi wa baba mkubwa na shangazi, maana nusu ya jibu lako imo humo. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli. Mmoja huenda anakumbuka miaka ya 1970 na mwingine miaka ya 1990, au mmoja anasema habari za chini na mwingine za ghorofani. Wengi wanaotafuta habari za kona moja ya mjini hukwama kwa sababu wanatafuta hadithi moja, na pale zipo mbili, kila moja inakwenda njia yake: ya jengo na ya biashara. Jengo lina mwenye kiwanja, hati, kodi ya ardhi, kibali cha ujenzi. Biashara ina mpangaji, leseni, kibao, tangazo gazetini, sanduku la posta. Duka linaweza kufa jengo likabaki miaka 40. Jengo nalo linaweza kubadili mwenyewe kwa siku moja, na muuza duka asihamishe hata mzani wake. Ukizichanganya, kila ushahidi utakaoupata utauona unapingana na mwenzake.

Kwa babu yako kuna tabaka la tatu. Fundi wa barazani hakuwamo kwenye hati, na mara nyingi hakuwamo hata kwenye leseni ya duka. Mwenye duka la nguo alimpa fundi nafasi nje, mteja akanunua kitambaa ndani, akapimwa na kushonewa pale pale barazani. Ilimfaa kila mmoja. Kwa hiyo usipoteze muda kulisaka jina la babu kwenye majalada ya ardhi. Msake mwenye duka na msake mwenye jengo. Babu utampata kwa midomo ya watu, na hao nitawafikia.

Anza na picha yenyewe

Iskani upya, pande zote mbili, kwa ubora wa nukta 600 kwa inchi au zaidi. Usitegemee picha ya picha iliyopigwa kwa simu. Halafu iache sura ya babu, najua ni vigumu, uangalie vitu ambavyo hakuna aliyekusudia kuvipiga: nguzo ya umeme, ukingo wa barabara, herufi zinazojirudia kwenye kioo, kivuli.

Kivuli kina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Tangu mapema Machi hadi takriban tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri liko upande wetu wa kaskazini na vivuli vinaangukia kusini. Miezi iliyobaki inakuwa kinyume. Sasa, Idd el Fitr ya mwaka 1957 iliangukia mwanzoni mwa Mei, na Idd el Hajj ikaangukia Julai. Iwe babu alikusudia ipi, jua lilikuwa kaskazini. Basi tazama: kama ukuta wenye kile kibao umepigwa jua la adhuhuri, ukuta huo unatazama kaskazini. Kichwele ni Mtaa wa Uhuru wa leo, nao katika kipande hicho unatoka upande wa Mnazi Mmoja kuelekea magharibi. Duka linalotazama kaskazini litakuwa ng'ambo ya kusini ya barabara, yaani mkono wako wa kushoto ukiwa unakwenda Ilala. Kwa kivuli kimoja umeshaondoa nusu ya kona zote.

Tahadhari moja tu: duka la kona lina nyuso mbili. Kabla hujaamua, hakikisha kuwa barabara inayoonekana ni Kichwele yenyewe na si mtaa wa pembeni. Upana wa njia na wingi wa nyaya na nguzo vitakusaidia.

Roshani iliyopinda nayo inasema jambo. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ilikuwa ya chini: vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma, baraza mbele. Jengo la ghorofa lenye kona ya mviringo ni la zege, la mtindo ulioenea mjini Dar es Salaam tangu miaka ya 1930, na kwa kawaida lilijengwa na mfanyabiashara wa Kihindi ambaye aliishi juu na kuuza chini. Majengo ya aina hiyo mara nyingi yana mwaka, na pengine jina la familia, vimeandikwa kwa saruji kule juu kabisa ya kipaa. Picha yako imekatwa kabla ya kufika huko. Ila ukipata picha nyingine ya mtaa huo, macho yaende juu kwanza, kibao baadaye.

Majina yanahama, kiwanja hakihami

Nikuonyeshe kwa kona ambayo kila mtu anaijua, ya Sanamu ya Askari. Barabara ya Samora ilianza zama za Wajerumani kwa jina la Unter den Akazien. Waingereza wakaiita Acacia Avenue, baada ya Uhuru ikawa Independence Avenue, kisha Samora. Mtaa unaoikata una majina mawili hata leo: upande wa bandari ni Azikiwe, ukivuka sanamu unakuwa Maktaba. Mtu anayetafuta kwa jina moja la barabara atapata robo ya habari.

Sanamu yenyewe imebadilika pia. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha pale sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyewahi kuwa gavana wao. Alikuwa juu ya nguzo kuu, na chini yake askari Mwafrika akifunika simba aliyekufa kwa bendera ya Kijerumani. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 enzi yake ikaisha. Ilipelekwa Ulaya, mwaka 1922 ikasimamishwa upya huko Hamburg karibu na chuo kikuu, na wanafunzi wakaiangusha, mara ya mwisho mwaka 1968. Askari wa shaba tunayemjua sisi, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, alizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Chini yake kuna maandishi ya Kiingereza, na ya Kiswahili kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu. Kwa kuwa sanamu zote mbili zina askari Mwafrika, nimekuta picha nyingi za kabla ya 1916 zimewekewa maelezo ya sanamu ya Waingereza. Anayezitumia bila kuangalia anakosea kwa miaka isiyopungua kumi, na kila duka analolisoma nyuma ya sanamu analiweka katika utawala usio wake.

Hatua chache kuelekea bandarini kuna Hoteli ya New Africa. Pale mwaka 1906 palikuwa na Kaiserhof, hoteli ya Wajerumani. Kiwanja ni kile kile na biashara ni ile ile ya hoteli, ila jina lilibadilika na jengo tunaloliona leo ni la miaka ya 1990. Kinyume chake, lile jengo la Salamander la Samora lilibomolewa, likapanda ghorofa refu likarithi jina. Kumbe hata jina lililobaki ukutani halithibitishi kuwa jengo ni lile.

Na kwenu Kariakoo upo mfano wenye uzito wa taifa zima. Wanachama wa African Association, iliyoanzishwa 1929, walijenga ofisi yao kwa kujitolea pale New Street, ambayo leo ni Lumumba. TANU ikazaliwa humo tarehe 7 Julai 1954. Nyumba ile haipo. Lililopo ni jengo jipya, ofisi ndogo ya CCM. Wapo wanaopiga picha mbele yake wakiamini wamesimama mbele ya kuta za 1954. Walichosimama mbele yake ni kiwanja cha 1954.

Ndiyo maana nakwambia, tafuta nambari ya kiwanja na kitalu. Ukishajua kona ya leo, nenda ofisi ya ardhi ukaulize ramani ya upimaji wa eneo hilo, kisha uombe kufanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Unalipa ada, unajaza fomu, unaonyeshwa nani anamiliki na miamala iliyosajiliwa. Usishangae ukikuta Kariakoo ya zamani ina karatasi chache kuliko Uhindini, maana wenye nyumba wengi walikaa kwa kulipa kodi ya kiwanja kwa serikali bila hati ndefu. Hapo kimbilia mirathi. Nyumba ilipobaki kwa watoto, shauri lilifika mahakamani, na kwa Kariakoo mara nyingi ni Mahakama ya Mwanzo. Jalada la mirathi hutaja nyumba, mtaa, warithi, pengine na wapangaji. Na usitafute majina ya wanaume peke yake. Kariakoo imekuwa na akina bibi wenye nyumba tangu zamani, na baadhi ya nyumba ziliwekwa wakfu.

Aprili 1971

Kama jengo lako lilikuwa la zege la ghorofa na lilipangishwa, mwaka huu usiuruke. Mwezi huo Bunge lilipitisha sheria ya kutwaa majengo. Nyumba za kupangisha zenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 zilichukuliwa na serikali, zikawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Jengo lililozidi miaka kumi halikulipiwa fidia. Roshani ya babu yako ilikuwapo 1957, kwa hiyo kufika 1971 ilikuwa imeshapita miaka hiyo. Familia nyingi za Kihindi zilikuwa wenye nyumba asubuhi, jioni zikawa wapangaji wa serikali katika vyumba vyao wenyewe, na nyingine ziliondoka nchini. Sisemi hili kwa wepesi. Ukiwatafuta wajukuu wa "& Sons", watakuwa na upande wao wa picha hii, na pengine wana picha bora kuliko yako.

Kwako wewe mtafiti, sheria ile imekuachia mlango. Amri za kutwaa majengo zilichapwa katika Gazeti la Serikali. Kisha mwaka 1990 Msajili wa Majumba aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, lililokuwapo tangu 1962, na majalada yakaenda huko. Kwa hiyo ukikuta kiwanja chako ni cha Shirika, au kilikuwa cha Shirika kabla ya kujengwa ghorofa kwa ubia, umeshapata kipande cha katikati cha hadithi ya jengo. Ukikuta ghorofa jipya lina hati nyingi, moja kwa kila sehemu, ni kwa sababu ya sheria ya mwaka 2008 iliyoruhusu umiliki wa sehemu za jengo. Omba hati ya kiwanja mama.

Sasa biashara

Hapa ndipo ubishi wa nyumbani utakapoisha. Februari 1967 benki zilitaifishwa, na biashara kubwa za jumla nazo zikaingia mikononi mwa umma. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, ya kufunga maduka ya watu binafsi na kufungua ya ushirika. Haikwenda hadi mwisho, lakini ilifunga maduka mengi, na baba mkubwa kama alikuwa kijana wakati ule bila shaka alipanga foleni mbele ya duka la namna hiyo. Miaka ya mwanzo ya 1980 bidhaa zikaadimika, mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi. Kuanzia 1984 milango ya kuagiza bidhaa ikaanza kufunguliwa, na chini ya Mzee Mwinyi tukaingia enzi ya ruksa. Nafasi iliyokuwa duka tupu la ushirika ikapangishwa upya: baa, hoteli ya chai, mitumba, kanda za kaseti, baadaye simu. Ndiyo maana nasema shangazi naye asipuuzwe. Mwulize alikuwa na umri gani alipoiona hiyo baa, na mwulize muziki gani ulikuwa unapigwa. Muziki hukaa na tarehe yake kichwani kuliko mwaka.

Kwa maandishi, nenda kwenye magazeti. *Tanganyika Standard* lilianza Dar es Salaam mwaka 1930, na mwaka 1972 likaungana na *The Nationalist* kuwa *Daily News*. Kwa Kiswahili kuna *Mambo Leo* tangu 1923, *Kwetu* la Erica Fiah tangu 1937 (Fiah mwenyewe alikuwa mwenye duka) na *Ngurumo* tangu 1959. Anza na wiki mbili za kabla ya Idd na kabla ya Diwali, miaka ya 1955 hadi 1960, maana wafanyabiashara walitangaza na kutoa salamu zaidi nyakati hizo. Soma matangazo madogo, yale ya kona ya ukurasa. Utafute jina linaloishia na "ji" lenye "& Sons", anwani ya Kichwele, biashara ya nguo.

Ukilipata, usifurahie jina. Nakili namba ya S.L.P. Mji wetu haukuwa na posta ya kupeleka barua mlangoni, kwa hiyo mfanyabiashara alitangaza sanduku lake kabla ya hata kutaja mtaa, na alilishikilia sanduku hilo kwa miaka. Jina la duka linaweza kubadilika kutoka "& Sons" kuwa "Brothers", kisha kuwa "Stores", nawe ukadhani ni watu watatu. Sanduku likiwa lile lile, ni nyumba moja. Na duka likihamia mtaa mwingine, sanduku litakuonyesha lilikokwenda. Kwangu mimi hakuna uzi mwembamba unaovuta mzigo mkubwa kama huo.

Magazeti haya utayapata Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kitengo cha East Africana, na pia Nyaraka za Taifa, Upanga, ambako kuna majalada ya serikali tangu Wajerumani. Ukitaka picha za zamani zaidi za mtaa, hazina ya picha za kikoloni ya chuo kikuu cha Frankfurt imewekwa kwenye intaneti, na picha za Walther Dobbertin, mpiga picha aliyekuwa na duka lake Dar es Salaam kabla ya 1914, ziko katika hifadhi ya taifa ya Ujerumani na nyingi unaweza kuziona bure. Kwa Mnazi Mmoja ya 1957 hazitakusaidia moja kwa moja, ila zitakuonyesha kilichokuwapo kabla ya zege.

Picha za baadaye zisizo na tarehe zipime kwa mabasi. Basi lenye herufi za DMT (Dar es Salaam Motor Transport) ni la kabla ya 1974, na UDA (Usafiri Dar es Salaam) ni kuanzia mwaka huo. Daladala zilihalalishwa 1983, na Mwendokasi ilianza 2016. Kwa miaka ya hivi karibuni fungua picha za setilaiti za zamani kwenye Google Earth, uzirudishe nyuma mwaka hadi mwaka mpaka uone paa la zamani likirejea. Hapo utajua lini hasa kona ilibomolewa. OpenStreetMap, ramani huru ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, nayo inahifadhi mabadiliko, na tangu kazi ya 2015 ya Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani ya mitaa ya Dar, majengo mengi ya jiji yamo.

Watu

Usianze kwa mwenye ghorofa. Atadhani unadai kiwanja, na atafunga mdomo, naye ana haki ya kuogopa. Anza kwa aliyekaa pale muda mrefu bila kumiliki: muuza kahawa, fundi saa, kinyozi, mshona viatu, mzee wa msikiti wa jirani. Nenda na nakala ya picha, siyo picha yenyewe. Usimuulize "hapa palikuwa na jengo gani?" Mwulize, "Ulipofika mjini, hapa ulinunua nini?" Watu hukumbuka walichonunua na walichodaiwa. Uliza pia palikuwa panaitwaje. Buguruni mpaka leo kondakta anaita "Sheli", na wanaoshuka hapo hawafikirii mafuta. Mtaa wenu utakuwa na jina lake la namna hiyo.

Fremu nazo zina kumbukumbu yake, na ufunguo wake ni kilemba. Mpangaji anayetoka huuza nafasi yake kwa anayeingia, kwa hiyo kila mpangaji anamjua aliyempokea, naye anamjua wake. Mwulize wa leo kilemba alimpa nani. Nimeona mlolongo huo ukirudi nyuma hadi miaka ya 1980 bila karatasi hata moja. Ukikatika, jua kuna kitu kilitokea: jengo kubomolewa, moto, au serikali kuingia. Moto wa tarehe 10 Julai 2021, ulioliunguza soko la Kariakoo, lile la msanifu Beda Amuli lililofunguliwa 1975, ulitawanya wafanyabiashara hata masoko mengine. Huenda mtu unayemtafuta hayupo tena Kariakoo, yuko Kisutu au Machinga Complex.

Andika kila unachopata katika safu mbili kwenye daftari, kushoto jengo, kulia biashara, na mwaka katikati. Kila mstari uandike umesikia au umeona wapi. Baba mkubwa na shangazi waandike kwa majina yao upande wa kulia, hata kabla hujathibitisha, na uwasomee wote wawili wakiwa pamoja. Ukipata ile S.L.P., nitumie namba yake pamoja na skani ya picha, nikusaidie kuitafuta katika matangazo ya miaka ya baada ya Uhuru.